Fundi Samuel Hawken wa St. Louis

Kwako ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku St. Louis. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwenu, hasa kwa mzee. Nimesikia miguu imeanza tena kumsumbua. Nifikishie shikamoo yangu.

Uliniuliza kama Wamarekani nao wanalijua gobore. Wanalijua sana, na mji huu ninaokaa uliwahi kuwa na fundi wake mkubwa. Aliitwa Samuel Hawken. Nimekuwa nikimsoma kwa miezi sasa, na kila ninapofika kwenye habari za tupa na fuawe nakukumbuka wewe, maana umekulia kwenye mivukuto.

Alizaliwa Hagerstown, jimbo la Maryland, mwaka 1792. Baba yake, Christian, naye alikuwa fundi bunduki. Samuel alihamia hapa mwaka 1822, akamkuta kaka yake Jacob ameshatangulia, na kuanzia 1825 wakawa na karakana yao pamoja. Wakati ule St. Louis ndiyo ilikuwa njia ya kwenda magharibi. Watega biva, yule mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia, walipita hapa kununua vifaa kabla ya kukwea Milima ya Rocky.

Bunduki walizokuwa nazo zilitoka Pennsylvania: ndefu, nyembamba, mtutu wake unapita mita moja. Zilifaa kuwindia paa msituni. Lakini mtu aliye juu ya farasi, mbele yake dubu au nyati, anataka kitu kifupi na kizito. Akina Hawken wakatengeneza bunduki yenye mtutu wa pembe nane, urefu kama sentimita 86, tundu la milimita 13 hivi, na nzima ikifika kilo 5. Mbao ya kitako ni ya mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, nayo inaishia katikati ya mtutu. Hakuna nakshi za fedha. Vyuma ni vya kawaida, vimepakwa rangi ya kahawia visimeremete juani. Mimi naiona nzuri kuliko zile zilizopambwa.

Sasa sikiliza hili, wewe utalielewa kuliko mimi. Mtutu umeshikwa na kabari mbili bapa zinazopita kwenye mbao, na nyuma yake kuna ndoano inayokaa kwenye kipande cha chuma. Ukichomoa kabari na kuinua mtutu kidogo, unatoka wenyewe. Unauosha kwa maji ya moto, unaukausha, unaurudisha. Unajua baruti ya gobore inavyoacha masizi, na masizi yanavyovuta kutu. Mtu yuko milimani miezi mingi, hana fundi karibu. Ndoano ile ndiyo iliyomlindia bunduki yake.

Na ndani ya mtutu kuna mifereji iliyokatwa kwa mkono, ikijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa kila sentimita 122. Risasi ya mviringo inafungwa kitambaa chenye mafuta, inashindiliwa kwa mdeki juu ya baruti, kisha unaweka fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Kitambaa kinashika mifereji, risasi inatoka ikizunguka, haiyumbi. Magobore ya kwetu mengi yana mtutu laini ndani, ndiyo maana mzee alikuwa akisema lazima umsogelee mnyama.

Jim Bridger, mmoja wa watega biva mashuhuri wa milima ile, alikuwa na bunduki ya Hawken. Bunduki yake imehifadhiwa Helena, Montana, kwenye jumba la historia la jimbo.

Mwaka 1849 ulikuwa mbaya. Kipindupindu kiliingia mjini, na Mei kikamchukua Jacob. Mwezi huohuo moto ulioanzia kwenye meli mtoni ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Samuel akabaki na karakana peke yake, akaendelea.

Kinachonigusa kuliko vyote kilikuja miaka 10 baadaye. Mzee huyu alikuwa ameishi miaka zaidi ya 30 akitengeneza bunduki za kwenda milimani, na milima yenyewe hajaiona. Mwaka 1859, akikaribia miaka 67, akafunga safari na watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya Colorado. Akafika. Akafungua karakana Denver na kuwatengenezea watu bunduki mbele ya milima ile. Hebu fikiria, umri ambao wengine wanagawa vifaa vyao kwa wajukuu! Alirudi St. Louis 1861, mwaka uliofuata akamuuzia karakana John Gemmer, na akaishi hadi 1884, akiwa na miaka 91. Amezikwa hapahapa mjini, makaburi ya Bellefontaine.

Nina ombi. Muulize mzee mafundi wa zamani wa huko kwenu walivyounga mtutu: walikunja bamba la chuma kuzunguka ufito na kuligonga likiwa jekundu, au walipata mabomba tayari? Na fataki walizipata wapi? Andika kila atakalosema, hata akirudia, na kama bado anayo ile ya babu yenu, nipimie urefu wa mtutu na upana wa tundu. Nataka niviweke kando ya vipimo vya Hawken.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako akupendaye