Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msaada wa Kampuni zetu kwa Watoto, Mwaka wa 2025

Wanachama wapendwa,

Hesabu zilizokaguliwa mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi yenyewe: msaada humfikiaje mtoto, hukwamia wapi, na ninachowaomba mkipitishe leo. Wengi wa watoto tunaowahudumia wanaishi Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, jirani kabisa na kampuni zetu za Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi. Wazazi wao ndio vibarua wanaopanga foleni kwenye mageti yetu alfajiri.

Mwaka huu tumeendelea kuhamisha msaada kutoka makao ya watoto kuupeleka nyumbani. Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza malezi ya familia, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walio kwenye makao warudishwe kwa jamaa zao au wapate familia za kuwalea. Usajili wa makao mapya ulisimamishwa tangu 2017. Hata hivyo baadhi ya kampuni bado zinapendelea safari ya Desemba yenye lori la unga na keki, kwa kuwa ni rahisi: mahali pamoja, bango moja, picha moja. Mtoto anayelelewa na nyanyake Kwa Reuben hayumo kwenye picha hiyo. Tena makao yenye neema huwavuta watoto ambao wazazi wao wangali hai, na kinachowatoa kwao ni njaa na karo. Naamini shilingi inayomweka mtoto huyo kwao ina kazi kubwa kuliko ile inayomlisha akiwa mbali nao.

Lakini kumpata mtoto aliye nyumbani ni kazi. Majina tunayatafuta sehemu tatu, kila moja bila kuonyeshwa orodha ya mwenzake: kwa mwalimu mkuu, ambaye rejista yake inaonyesha anayekosa shule, kwa mhudumu wa afya ya jamii, anayeingia nyumba kwa nyumba, na kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Jina likitokea sehemu mbili, tunakwenda nyumbani. Orodha ya mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hujaa anaowajua. Na orodha huchakaa haraka: wapangaji wa nyumba za mabati huhama, na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 na bomoabomoa iliyofuata kando ya mito, familia nyingi zilitawanyika. Ndiyo maana tunaihakiki upya kabla ya kila muhula.

Viatu ndivyo vinavyopotea bure zaidi katika misaada ya kampuni, kwa sababu hununuliwa kwa kukisia umri. Mtoto asimame wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, na alama iwekwe kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili na uandike kipimo kikubwa. Pima alasiri, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Ongeza sentimita 1.5 za kukua na kusogea, kisha zidisha kwa 1.5 upate namba ya Ulaya: mguu wa sentimita 21 unakuwa 22.5, na namba inatoka 33.75, yaani 34. Viatu vya namba za Kiingereza vina mtego wake. Namba hizo hupanda hadi 13 kisha huanza tena na 1, kwa hiyo agizo lililoandikwa "1" peke yake linaweza kuleta kiatu cha mtoto mchanga. Andika sentimita kwenye agizo daima. Kiatu kinachobana huuzwa wiki hiyo hiyo, na mzazi hana kosa.

Sare tunashonesha kwa mafundi wa mtaani, kila shule kwa rangi yake, na pindo la sentimita 5 ili ishushwe mwaka unaofuata.

Kuhusu sodo, yaani taulo za hedhi, tangu Sheria ya Elimu ya Msingi irekebishwe 2017 serikali ina wajibu wa kuwapa wasichana wa shule za umma bila malipo, ila ugavi umekuwa wa kusuasua. Kampuni nyingi hutoa pakiti moja ya vipande 8 kwa mwezi. Hesabuni nami: vipande vitatu mchana na kimoja usiku, kwa siku tano, ni 20. Pakiti moja inaisha siku ya pili, na msichana anabaki na kipande kimoja kutwa au anabaki nyumbani. Kiwango chetu ni pakiti tatu kwa mwezi, pamoja na chupi tatu na sabuni kwa muhula, kwa sababu sodo bila chupi haishiki. Sodo za kufuliwa ni nafuu kwa muda mrefu, lakini zinahitaji maji na jua. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na familia nzima iko katika chumba cha futi 10 kwa 10, msichana hana pa kuanika. Tunazitoa pale tu anapozichagua mwenyewe. Shuleni lazima pawe na pipa lenye kifuniko; sodo zikitupwa kwenye choo cha shimo, shimo hujaa upesi na bomba la kunyonyea huziba.

Chakula kimetufundisha kuangalia kalenda. Mpango wa kaunti wa Dishi na County, ulioanza 2023, humpa mwanafunzi chakula cha mchana na mzazi hulipa Sh5. Unahudumia shule za umma, ilhali watoto wengi wa Mukuru wamo katika shule ndogo za binafsi za mtaani. Hata yule anayehudumiwa hubaki bila sahani hiyo shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo unga, maharagwe na mafuta yetu sasa yanaelekezwa kwa familia wakati wa likizo. Mahindi yasipokelewe yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5, maana hapo ukungu wa sumukuvu hustawi, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

Karo inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa nambari ya usajili ya mwanafunzi, na risiti inarudi kwetu.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo. Ridhaa inayoombwa huku mama ameshika mfuko wa unga si ridhaa, kwani hawezi kukataa. Fomu isainiwe siku nyingine, mbele ya mtu asiyegawa chochote.

Kwa wahasibu wenu: mchango huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi ikiwa shirika linalopokea limesamehewa kodi na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Wekeni risiti na nakala ya cheti hicho cha msamaha. Makato ya mshahara ya wafanyakazi yawe na idhini yao ya maandishi, na jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili ya mshahara. Hakuna msimamizi wa kumshinikiza kibarua achangie.

Naomba mpitishe mambo matatu. Ahadi zote ziwe zimelipwa kufikia 15 Oktoba, kwa kuwa fedha zinazotoka Desemba huwakuta mafundi wamelemewa na mtoto akaripoti Januari bila sare. Vitu visivyo kwenye orodha, au chakula kilichobakiza chini ya miezi mitatu kabla ya kuharibika, virudishwe kwa mtoaji. Na picha zetu zisionyeshe uso wa mtoto wala beji ya shule.

Kampuni yenye wafanyakazi wa kujitolea kupima miguu ipeleke majina kwa katibu kabla ya mwisho wa Septemba. Mafunzo ni ya asubuhi moja. Rula na karatasi tunazo.