Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Mto Duma na Kingo Zake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Klabu ya Jiografia ya shule yetu hapa wilayani Magu inakukaribisha kwa heshima kubwa, na inaomba usikivu wako kuhusu Mto Duma, tawimto la Mto Simiyu.

Mto Duma huanzia upande wa nyanda za Serengeti na kuelekea magharibi hadi unapoungana na Simiyu, kisha maji ya mito yote miwili humwagika katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria.

Duma hautiririki mwaka mzima. Kiangazi kikikolea hubaki mchanga mtupu, na kina mama hufukua humo visima vifupi, wakasubiri maji yajichuje taratibu ndipo wayachote kwa kata. Mvua zikianza, mkondo uleule hufurika kwa muda mfupi, kwa sababu sehemu kubwa ya bonde ni mbuga ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishalowa huvimba na kuziba, maji yakakosa pa kuzama. Hapo ndipo samaki waitwao ningu, wakiwa na mayai, hutoka ziwani na kuupanda mto kwenda kutaga. Na hapo hapo wapo wanaowatega kwa nyavu mlangoni mwa mto, kabla hawajataga. Jambo hili linatuumiza, kwani samaki huyu amepungua sana.

Tope nalo linatuumiza. Mashamba ya pamba na mahindi yamesogea hadi ukingoni, mifugo hushuka kunywa popote, na udongo unaomomonyoka huishia ghubani pamoja na rutuba inayostawisha magugu maji. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, na sisi tunaamini kwamba ngitili zikirudishwa kandokando ya mto zitafaa kuliko miti michache inayopandwa siku ya sherehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaomba utufikishie ombi letu kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ili ukanda huo uwekewe vigingi vinavyoonekana. Nguvu kazi ya kuvichimbia tutaitoa sisi. Tunaomba pia viongozi wa mkoa jirani wa Simiyu, uliopewa jina la Mto Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, washirikishwe, kwa kuwa tope linaloingia ghubani kwetu huanzia huko juu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.