Nilisubirishwa, Sikukataliwa: Malalamiko Kuhusu Bunduki Niliyoilipia Dukani Kwenu

Lexington, Kentucky
25 Novemba 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUCHELEWA KWA UKAGUZI WA REKODI, NA DOLA 128 MLIZONIKATA

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyuma ya risiti yenu pameandikwa kwamba malalamiko yanapokewa kwa lugha yoyote, na mkalimani mtamtafuta ninyi. Kiingereza changu ni cha kiwandani. Kinatosha kuomba glavu na kuuliza saa ya mapumziko, lakini jambo lenye sheria ndani yake sitaki kulikosea.

Ijumaa tarehe 18 Oktoba, nikitoka zamu, nilikuja dukani kwenu kununua bunduki ya kuwindia kulungu. Bei ilikuwa dola 640, na kodi ya jimbo asilimia 6 ikafanya 678.40. Nililipa yote siku hiyohiyo. Kadi ya mafunzo ya uwindaji nilikuwa nayo. Kentucky inaidai kwa kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1975, na tarehe yangu kwenye vitambulisho vyote ni hiyohiyo, 1 Januari 1975. Mama alikuwa akisema nilizaliwa wakati wa kupanda mihogo. Januari ilitoka kwa karani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, aliyewaandikia hivyo wote waliokuja bila karatasi. Angeandika 1974 ningeokoka na ile kozi.

Nawaeleza haya kwa kuwa ndipo mambo yalipoanzia. Sisi wa 1 Januari tuko wengi sana Marekani, na majina yetu mengi ni yaleyale ya Biblia na ya babu zetu. Kwenye fomu 4473, ile ya serikali anayojaza kila anayenunua bunduki dukani, kuna nafasi ya namba ya soshali, yaani namba ya hifadhi ya jamii. Si lazima kuijaza, ila fomu yenyewe inasema inasaidia mtu asichanganywe na mwingine. Kalamu yangu ilikuwa tayari juu ya nafasi hiyo. Karani wenu akaigonga kwa kidole, akasema, "Hiyo ruka, inatupotezea muda." Nikairuka. Sidai kwamba ningeijaza ningepita palepale. Ninachosema ni kwamba nilitaka kuijaza, na mtu wenu akanizuia.

Akapiga simu kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, inayoangalia kama sheria inamruhusu mnunuzi kuwa na bunduki. Jibu likaja kwamba nisubiri. Najua hivyo kwa sababu baadaye niliiona fomu, na kisanduku kilichotiwa alama ni cha kusubirishwa. Lakini yeye hakutamka hivyo. Alikata simu, akanitazama mimi, kisha akawatazama waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu za viatu: "Umekataliwa."

Ndugu Meneja, majibu ya mfumo ule ni matatu: endelea, subiri, umekataliwa. Anayekataliwa ni yule ambaye rekodi imeonyesha sheria inamzuia, mathalani kwa kosa la jinai. Anayesubirishwa bado anachunguzwa, pengine kwa sababu tu jina lake linafanana na la mtu mwingine. Anayeuza bunduki akiwa hajui tofauti hii ni hatari kwa duka kuliko kwangu.

Mtu wa tatu nyuma yangu kwenye foleni alikuwa mzee wa kanisa letu, amekuja kununua ndoano za kuvulia. Yeye ni Mswahili kama mimi, na neno lile la Kiingereza analielewa vizuri. Jumapili nilipofika ibadani habari ilikuwa imeshanitangulia. Mke wangu aliulizwa chooni, na mama wawili, nilifanya kosa gani hata serikali ikaninyima. Mmoja akamshauri twende kwa wakili mapema, kabla sijarudishwa Kongo. Mimi ni raia wa Marekani, nimeapa, cheti kimetundikwa ukutani kwangu. Ilinibidi nikakipige picha nimwonyeshe mchungaji.

Nirudi kwenye siku zenyewe. Sheria ya Brady ya 1993, ile ya kukagua wanunuzi wa bunduki, inaipa FBI siku tatu za kazi kutoa jibu. Siku ya kupiga simu haihesabiwi, wala Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo zangu zilikuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na kuanzia Alhamisi tarehe 24 Oktoba, kama jibu la kukataa halijaja, duka linaruhusiwa kunikabidhi bunduki. Linaruhusiwa, halilazimishwi. Nilipokuja siku hiyo niliambiwa kwamba duka lenu halitoi bunduki mpaka jibu la "endelea" lije, hata siku zipite ngapi. Sina ubishi na utaratibu huo. Nayajua ya mji wa Charleston, South Carolina, mwaka 2015, watu tisa waliouawa kanisani na kijana aliyepewa bastola siku tatu zilipokwisha kabla ukaguzi wake kukamilika. Mimi pia ni mtu wa kukaa kanisani siku ya ibada. Ila utaratibu huo ungenifikia kabla sijatoa dola 678, ningeamua mwenyewe kulipa au kungoja. Haujaandikwa kwenye kaunta, haumo kwenye risiti.

Nikaomba namba ya muamala, ile ambayo FBI huitoa kwa kila ukaguzi, ili nijue pa kuanzia. Nikajibiwa kwamba ni siri ya duka. Siri gani, na ukaguzi ni wangu?

Msimu wa bunduki ulifunguliwa Jumamosi 9 Novemba. Wenzangu wa zamu walikwenda bila mimi. Mara mbili nilipiga simu dukani, na mara zote nikaambiwa, "Tutakupigia." Nilipokuja mwenyewe tarehe 19, karani mwingine, binti mwenye adabu, alitoa faili na kuligeuza upande wangu. Pale, kwa wino wa bluu, pameandikwa: endelea, 12 Novemba. Jibu lilikuwa limekaa kwenye droo yenu siku saba. Yule binti alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba ukaguzi hudumu siku 30 tangu siku ya simu ya kwanza, kwa hiyo wangu uliisha tarehe 17. Ilibidi nijaze fomu upya na kuanza tena kusubiri.

Nikasema basi, nipeni pesa yangu. Mkanirudishia dola 550.40. Zile 128, asilimia 20 ya bei, mkaziita ada ya kurudisha bidhaa dukani. Bunduki hiyo haikutoka dukani hata hatua moja. Sijawahi kuigusa tangu ile Ijumaa, na hata siku hiyo niliishika kwa dakika mbili.

FBI siilaumu kwa kunisubirisha. Nimeshapeleka alama za vidole kwao niwekwe kwenye faili lao la hiari, nipewe namba ya kujitambulisha, nisichanganywe tena na wenzangu wa 1 Januari. Hiyo ni kazi yangu na nimeifanya. Yenu ilikuwa kunipigia simu moja tarehe 12.

Nataka mnirudishie dola 128. Nataka pia namba ya muamala, na barua fupi yenye nembo ya duka inayosema kwamba tarehe 18 Oktoba nilisubirishwa, sikukataliwa, na kwamba baadaye jibu lilikuwa endelea. Barua iwe ya Kiingereza. Kanisani tutaitafsiri wenyewe. Kuhusu karani yule, sitaki afukuzwe kazi, ana umri wa mwanangu. Afundishwe yale maneno matatu, na ajifunze kuyasema kwa sauti ya chini.

Nimeambatisha nakala za risiti zote mbili, ya malipo na ya marejesho. Jina langu liko humo. Simu yangu mnayo kwenye faili. Mnipigie baada ya saa tisa alasiri, maana kabla ya hapo niko kiwandani na simu tunaziacha kwenye kabati.

Wenu,
Mteja