Taazia za wahandisi zitaje pia walichokipinga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu taazia za wahandisi. Nimezisoma kwa miaka mingi, maana uhandisi ndio ulionilisha, na karibu zote huenda kwa mtindo mmoja: marehemu alikuwa baba mwenye upendo, alijenga hiki na kile, alishika cheo fulani, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hakuna baya katika hayo. Ila kwa kipimo hicho Bob Ebeling, aliyefariki huko Utah, Marekani, mwezi Machi 2016 akiwa na umri wa miaka 89, angepata mistari michache tu, kwa kuwa jambo kubwa alilolifanya kazini ni kujaribu kuzuia kitu ambacho hatimaye hakikuzuilika.

Ebeling alikuwa mhandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi mbili za kukinyanyua chombo cha anga cha Challenger. Roketi hizo ziliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na katika maungio yake ziliwekwa pete za mpira ili gesi ya moto isipenye nje. Asiyewahi kuiona pete ya namna hiyo aiwazie hivi: kamba ya mpira yenye unene wa milimita 7 hivi, iliyozungushwa kwenye pipa la chuma lenye kipenyo cha karibu mita 3.7. Mpira ukiwa na joto hubonyea na kurudi upesi, ukaziba mwanya kabla gesi haijaufikia; ukipata baridi kali hukakamaa, ukachelewa kurudi, na katika roketi kuchelewa huko hata kwa sehemu ya sekunde ni hatari. Oktoba 1985 Ebeling alimwandikia mkubwa wake waraka kuhusu pete hizo, na neno lake la kwanza lilikuwa kuomba msaada. Wenye kuandika nyaraka za kiofisi wanajua mtu huwa amefikishwa wapi hadi aanze hivyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, siku Challenger ilipopangiwa kurushwa, ulitabiriwa kuwa na baridi kali kule Florida, chombo kilikokuwa kikisubiri. Ebeling, Roger Boisjoly na wenzao walishikilia, katika mazungumzo marefu ya simu na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwamba chombo kisirushwe iwapo joto litakuwa chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Mwanzoni kampuni yao iliwaunga mkono. Baadaye mkuu wa uhandisi aliambiwa na bosi wake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja, na ushauri ukageuzwa. Ebeling alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Darlene, kwamba chombo kile kitalipuka.

Kulipokucha alikwenda kazini kwa gari pamoja na binti yake, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo hiyo, na njiani alikuwa akipiga ngumi kwenye dashibodi. Waliketi pamoja kutazama urushaji. Boisjoly alisimulia baadaye kwamba dakika moja hivi baada ya chombo kupaa, Ebeling alimwambia kuwa amemaliza kumshukuru Mungu kwa sala. Katika sekunde ya 73 Challenger ilisambaratika na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Binti alimhisi baba yake akitetemeka, kisha akamsikia akilia kwa sauti.

Muda si mrefu aliacha uhandisi. Kwa miaka 30 aliamini kwamba alikuwa na hoja sahihi lakini hakuwa na ulimi wa kuitetea, na kwamba Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Mzigo huo mkewe na watoto waliuishi naye. Wakati huo huo alijitolea kukarabati hifadhi ya ndege ya Bear River, iliyokuwa imeharibiwa na mafuriko ya ziwa la chumvi, kazi iliyompatia tuzo ya Rais wa Marekani mwaka 1990. Mimi naiona hiyo kuwa kazi ya uhandisi kama ile nyingine, na pengine ndiyo iliyomwezesha kulala usiku.

Mwanzoni mwa 2016 alihojiwa na redio, na mamia ya wasikilizaji wakamwandikia kwamba alitimiza wajibu wake. Hata hivyo moyo wake haukutulia hadi alipopata neno la watu waliokuwa upande wa pili wa simu ile ya mwaka 1986, na la NASA yenyewe. Hapo ndipo alipokiri kuwa ametulizwa. Hakukaa sana, akafariki.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Wafiwa wanapoleta kwako tangazo la baba yao aliyekuwa mhandisi, mwandishi wako, baada ya kuandika madaraja na mitambo aliyoijenga, awaulize kama kuna siku mzee alirudi nyumbani amenuna kwa sababu alikataa kutia sahihi. Mjane huwa anaikumbuka siku hiyo.

Msomaji wako,
Mhandisi mstaafu