Waulizeni wagombea wa komite ya wazazi kuhusu feza na vyoo

Bwana Mhariri,

Ripoti yenu juu ya uchaguzi wa komite za wazazi katika shule za hapa Lubumbashi imenikasirisha, nami nimenyamaza miaka mingi. Mliwapa wagombea nafasi waseme watakachofanya. Mmoja atapaka ukuta rangi, mwenzake ataleta lango lenye jina la shule. Hakuna aliyeulizwa feza za wazazi zinaandikwa wapi, wala nani ana ruhusa ya kuyasoma maandishi hayo.

Nauliza kwa sababu tunalipa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure, na Septemba 2019 serikali ikaanza kutekeleza. Nilishangilia sana, maana sisi tuliosomesha watoto miaka ya 1990 ndio tuliowalisha walimu kwa ile primu, yaani feza za wazazi za kuwalipa walimu, serikali iliposhindwa kuwalipa. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walirudi darasani, na hilo ni jema. Lakini madarasa yalifurika, kuna walimu ambao hadi leo hawamo kwenye orodha ya mishahara, na michango ikarudi kwa majina mengine: ya mlinzi, ya chaki, ya choo. Kila mchango hutangazwa na komite. “Wazazi wamekubali,” tunaambiwa. Wazazi gani?

Huo wa choo naujua vizuri. Katika shule ya mjukuu wangu huku Katuba tulichangishwa feza za kuchimba vyoo vipya, vya wasichana mbali na vya wavulana, na mtoto ambaye wazazi hawakulipa alirudishwa nyumbani na mfuko wake mgongoni. Shimo lilichimbwa nusu. Mvua za Novemba zikalijaza maji, wakalifunika kwa mabati mawili na jiwe juu yake, kazi ikaishia hapo. Choo cha zamani kina milango miwili: mmoja una kufuli na ufunguo wake hukaa ofisini kwa ajili ya walimu, wa pili umeng’oka. Mjukuu wangu yuko mwaka wa sita, ni msichana aliyeanza kukua. Ameacha kunywa maji asubuhi ili asihitaji kujisaidia mpaka watoke saa sita na nusu, na akiwa katika siku zake haendi shule kabisa, tena katika mwaka wa kufanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi! Nilimwendea mwenyekiti wa komite kwa heshima nikamwambia, “Papa, naomba kuliona daftari la feza za choo.” Akanijibu, “Mama, hayo ni mambo ya ofisi. Ungoje mkutano mkuu.” Nikangoja. Mkutano ulipofika tulibanana kwenye madawati ya watoto asubuhi nzima tukijadili kitenge watakachoshonewa walimu kwa sikukuu yao ya tarehe 30 Aprili. Niliponyosha mkono, katibu akasema muda umekwisha. Mtoto anajinyima maji, na watu wazima tunachaguliana bluu au kijani!

Baadaye nikaambiwa kwamba mtoto wa mwisho wa mwenyekiti huyo alimaliza pale zamani. Choo kile kitamuumaje?

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: nani aliruhusu baa ifunguliwe ukuta kwa ukuta na shule hiyo? Muziki unaanza saa nne asubuhi, mwalimu wa mwaka wa kwanza anafundisha herufi huku sauti ikimkauka. Mkuu wa komini, yaani wa mtaa wetu wa Katuba, aje asimame nyuma ya darasa hilo siku ya Ijumaa, asikilize mwenyewe.

Nirudi kwenye komite. Mwenyekiti wa wazazi anaketi katika baraza la usimamizi wa shule pamoja na direkta, yaani mkuu wa shule, na wajumbe wa walimu. Feza zikiamuliwa, yeye yumo ndani. Kwa hiyo anayetaka kiti hicho alete kwanza buletini, yaani karatasi ya alama, ya mtoto wake, ya shule hiyo hiyo, ya mwaka huu. Siku ya kupiga kura aingie katika choo cha wanafunzi, na akitoka ndipo awaambie wazazi mipango yake. Akichaguliwa, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi abandike mlangoni mwa ofisi karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili: feza zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, pamoja na sahihi ya mama mmoja asiye wa komite. Karatasi na gundi nitatoa mimi. Miezi miwili ikipita bila karatasi, makamu wake achukue nafasi, bila kuitisha mkutano.

Bibi wa mwanafunzi,
Katuba, Lubumbashi