Kabla hujaigusa eksponenshali

Sinza, Dar es Salaam

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Rasimu yako kuhusu makundi ya Lie (makundi ambayo kuzidisha kwake ni laini) yenye vipimo visivyo na kikomo nimeisoma, na sura ya kwanza imekaa vizuri. Tatizo liko pale uliposema kila geuzo laini la duara lililo karibu na identiti (geuzo lisilosogeza kitu) linatokana na uga wa vekta, yaani mshale wa mwendo kwenye kila nukta, kupitia eksponenshali, yaani kuifuata mishale hiyo kwa muda wa kipimo kimoja. Kwa matriki ni kweli. Kwa Diff(S¹), kundi la mageuzo hayo ya duara, si kweli, na sura ya pili yote imeegemea hapo.

Jaribu f(x) = x + π/n + ε sin²(nx), ε ikiwa chanya na ndogo sana. Chukua n = 10. Ukianzia 0, kila hatua inakusogeza nyuzi 18 kamili, kwa kuwa sin² hapo ni sifuri. Hatua ya 20 inakurudisha ulikoanzia. Sasa anzia nyuzi 9. Hatua ya kwanza inaongeza ε na zinazofuata hazipunguzi kitu, hivyo baada ya hatua 20 umeshaipita nyuzi 9, ingawa 18 hujaifikia. Tuseme f imetokana na uga v. Popote v inapokuwa sifuri, f ingeacha nukta hiyo palepale, na f haiachi nukta yoyote mahali pake. Basi v haina sifuri, na mtiririko wake ni kama magari kwenye kipilefti ambapo mwendo unategemea mahali ulipo tu: wote wanamaliza mzunguko kwa muda uleule. Mmoja akirudi alikoanzia, wote wamerudi. Hapa ya 0 imerudi, ya nyuzi 9 haijarudi. Kwisha kazi.

Wala usiseme f iko mbali. Weka ε = e⁻ⁿ: derivativi ya ngazi k ya kile kipande cha sin² haizidi (2n)ᵏe⁻ⁿ, nayo inakwenda sifuri kwa kila k kadiri n inavyokua.

Najua utataka kukimbilia nafasi za Banach (zinazopimwa kwa normu, yaani kipimo kimoja cha ukubwa), ubakize derivativi r tu. Haitakusaidia. Katika f∘g (g kwanza, kisha f), ukibadilisha f huku g imetulia, mambo ni laini. Ukibadilisha g, unyambuaji unakupa f′(g)·h, h ikiwa badiliko la g, na f′ imebaki na derivativi r − 1. Umeshatoka nje ya nafasi yako. Kuzidisha kunabaki endelevu tu, na hilo si kundi la Lie. Baki na nafasi za Fréchet, zinazohesabu derivativi zote, ila chati (njia ya kuyapa mageuzo viwianishi) isiwe eksponenshali: andika f(x) = x + u(x), u ya kujirudia kila 2π, u′ > −1. Inatosha kabisa.

Kwenye jiometria, metriki yako ya L² (inayopima ukubwa wa uga wa kasi tu, bila derivativi zake) ina kasoro mbaya zaidi. Jeodesiki, yaani njia “zilizonyooka” za metriki hiyo, zipo, zinafuata mlinganyo wa Burgers, uₜ + 3uuₓ = 0 (u hapa ni uga wa kasi, si ile ya chati), lakini Michor na Mumford walionyesha mwaka 2005 kwamba umbali kati ya mageuzo yoyote mawili yanayounganika kwa njia ni sifuri! Tumia H¹, inayohesabu na derivativi ya kwanza: umbali unarudi kuwa chanya, na mlinganyo unakuwa wa Camassa–Holm, ule wa mawimbi ya maji ya kina kifupi.

La mwisho, ukitaja U(H), kundi la mageuzo ya unitari ya nafasi ya Hilbert H yenye vipimo visivyo na kikomo, taja na topolojia. Kwa topolojia ya normu, mwanahisabati Kuiper alithibitisha 1965 kwamba kundi zima hujikunja hadi nukta; muungano wa U(n) zote (matriki za unitari za n×n), kinyume chake, una π₁ = ℤ, yaani una vitanzi visivyokunjika hadi nukta. Katika ukurasa wako umevichanganya hivi viwili.

Nitumie rasimu mpya ikiwa tayari. Wasalimie nyumbani.

Wako.