Mjomba, tusianze na bati

Shikamoo mjomba. Naiandika hapa wazi maana kule kwenye grupu la familia ukishaweka ile mikono ya maombi basi, mjadala umekufa.

Umesema kanisa letu hapa Masasi limebaki la mabibi na watoto, na dawa yake tuchangishane korosho zikishauzwa, tuezeke upya tununue na spika kubwa. Bati sina ugomvi nalo, linavuja kweli. Ila hata likiacha kuvuja hao watu watatoka wapi?

Kumbuka tulikotoka. 1876 Askofu Steere wa misheni yetu ya Anglikana alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, safari ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa, kufika hapa wale watu wakaona panafaa wakabaki. Ndio walioanza hili kanisa, watu hawana kwao hawana chochote. 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakavamia wakachoma, wengine wakatekwa, na bado halikufa. Padri Cecil Majaliwa naye, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akapewa upadri 1890, kazi yake ilikuwa kule Chitangali kwa wanavijiji, hakukaa kusubiri bahasha. Hata pale Ndanda (najua ni wenzetu Wakatoliki, usinune) hospitali iliyotokana na misheni mpaka leo Muislamu na Mkristo wanapanga foleni moja.

Sisi sasa. Kila Jumapili vijana wa bodaboda wako pale chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka mlangoni, kwaya wanaisikia mpaka nyimbo wamezishika, kuna mmoja anapiga besi kuliko wa kwetu wote, na sijaona mzee wa kanisa hata mmoja amevuka barabara kuwasalimia. Tunawakumbuka kukiwa na msiba, waje wafunge turubai. Halafu tunakaa kikao tunauliza vijana wameenda wapi, jamani!

Kikao cha Jumamosi nakuja. Naomba ajenda ya kwanza iwe nani anaenda kukaa na wale vijana, si kuwahubiria, kukaa nao kwanza, na nani atakuwa anapita kwa yule mama aliyelala ndani tangu masika. Bati liwe la tatu huko. Mchango wangu wa bati nitautuma kwa simu, ila ya spika sitoi mjomba, pale kona baa inapiga na sisi tupige, nani atamsikia nani?